Friji ya Mafuta ya Taa Kule Kisiwani

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufagio. Nilikuwa nimeutarajia, maana barua ilisema mhudumu wa dispensari, na mhudumu ni mtu wa ufagio, ndoo na kitambaa. Nilishuka kwenye boti nimebeba viatu mkononi. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona maishani yalikuwa ya mto wa kwetu Birongo wakati wa mvua. Daktari alinipokea, hakuniuliza habari ya safari, akanipeleka moja kwa moja chumba cha nyuma. Huko kulikuwa na friji nyeupe, inanifika kifuani, inanuka mafuta ya taa.

"Hii ndiyo kazi yako," akasema. "Sakafu isipooshwa hakuna atakayekufa. Hii ikizimika watakufa, na wewe hutajua ni nani."

Nikainama nikaona taa inawaka chini ya friji, nikacheka. Kwetu moto unapasha. Nilidhani ananichezea kwa sababu niliishia darasa la nne. Akanionyesha: tangi la mafuta chini, utambi wa duara, na bomba linalopanda nyuma ya friji. Moto ukipasha bomba, dawa iliyofungiwa ndani ya mirija inazunguka na kuvuta joto kutoka kwenye sanduku. Ukipandisha utambi, baridi inazidi. Ukiushusha, baridi inapungua. Sikuelewa wakati ule, na hata leo sielewi sana, lakini mtu haelewi tumbo lake na bado anakula.

Huyo Daktari hakuwa daktari kwa vyeti. Alikuwa afisa wa kliniki, msimamizi wa kituo, lakini kisiwani mwenye koti jeupe ni Daktari, basi.

Juu ya mlango wa friji kulikuwa na chati ya mwezi. Kila asubuhi na kila jioni unafungua, unasoma kipimajoto kilicholala katikati ya chupa za chanjo, unaandika. Kisipungue mbili, kisizidi nane. Nikaisoma ile chati, maana namba nilizijua vizuri kuliko maneno. Ilikuwa imejazwa nne, nne, nne, kama mtu anayefyatua matofali, mpaka tarehe thelathini na moja. Siku hiyo ilikuwa tarehe tisa.

"Daktari," nikamwuliza, "tarehe ishirini imeshafika huku?"

"Wewe dada, umekuja kuuliza ama kufanya kazi?"

Nikaibandua ile chati, nikaanza na siku ile.

Naandika haya kwa sababu mjukuu wangu Moraa ni muuguzi, na amepangiwa dispensari ile ile. Jina la kisiwa sitalitaja, maana wenyewe bado wako na sitaki maneno. Tangu barua yake itoke, nyumba ya baba yake pale Masimba imekuwa kama ya matanga. Mwanangu anatafuta mtu wa kumwomba ibadilishwe. Shangazi zake wanauliza atakula nini, ataolewa na nani, na kama mamba wako. Wanawake wa kanisa wamekuja kumwombea. Hakuna hata mmoja aliyeuliza anaenda kufanya kazi gani. Nimechoka kusikiliza, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Chakula kiko. Kuna samaki, na samaki, na kesho samaki. Nilikaa miezi kabla ya kuona chinsaga, mboga ya kwetu, na siku mwanamke mmoja aliponiletea fungu kutoka bara nililia kama mjinga. Nyumba zilikuwa za mabati zimebanana kwenye mawe, na miti ilikuwa imekatwa karibu yote kukaushia samaki. Maji ya kunywa, ya kuoga, ya kufulia na ya kila kitu kingine yalikuwa yale yale ya ziwa, ndiyo maana kila wiki tulikuwa na kipindupindu cha kweli au cha kudhaniwa. Watu walikuja na kuondoka wakifuata omena, wale dagaa wa ziwani. Leo unampima mtoto wa mtu, wiki ijayo mama yake yuko kisiwa kingine, kadi imelowa kwenye mashua.

Kile kisiwa kilikuwa na shida moja iliyozaa nyingine zote, nayo ni barafu. Mtu anavua mbuta mkubwa kama mtoto wa shule, na jua likifika utosini yule samaki ameshaanza kulegea. Anamkausha kwa moshi, au anamwachia mchuuzi kwa bei ya kutupa. Hapakuwa na barafu popote isipokuwa mahali pamoja, sehemu ndogo ya juu ndani ya friji yangu, panapogandishwa pakiti za maji za kubebea chanjo. Sasa unaweza kujua nilivyopendwa.

Kila mtu alikuwa na kitu cha kuweka. Mwalimu alikuwa na siagi yake. Daktari mwenyewe alikuwa na soda. Mke wa mwenye duka alikuwa na nyama ya sherehe, "ya siku moja tu, Nyar Kisii." Hivyo ndivyo walivyoniita, binti wa Kisii. Nilikataa wote. Kila unapofungua mlango baridi inamwagika chini kama maji, na friji ya mafuta inachukua nusu siku kuirudisha. Nikaufunga mlango kwa kamba ya wavu, fundo la kwetu la kufungia ndama, ambalo mvuvi halijui.

Mzee Okelo, mwenyekiti wa bichi, alinitania kila aliponiona. Bichi ndipo mashua zilipoegeshwa na samaki kupimwa, na mwenyekiti wake ndiye serikali.

"Nyar Kisii, wewe umekuja kulinda friji ama umeolewa nayo?"

"Nimeolewa nayo, Mzee. Haileti mke wa pili."

Alicheka mpaka akashika goti. Hakuwa mtu mbaya, naomba ieleweke.

Mara moja kwa miezi mitatu tulikaguliwa na Sister wa Wilaya, muuguzi mkuu wa chanjo, mwanamke mfupi mwenye miwani aliyepanda mashua kama anayepanda kitanda. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo vijana wenye diploma huwa hawalijui mpaka uwaonyeshe. Watu wote hudhani chanjo inaogopa joto tu, na kwamba baridi ikizidi ni vizuri zaidi. Sivyo. Ile ya matone ya kupooza na ile ya surua haziogopi kuganda. Lakini ile sindano ya magonjwa matatu, dondakoo, kifaduro na pepopunda, ikiganda mara moja imekufa, hata ukiiyeyusha. Na ukiitazama kwa haraka ni chupa ile ile, na kibandiko ni kile kile.

"Utajuaje?" Sister akaniuliza.

"Sijui, Sister."

"Unatikisa."

Alichukua chupa moja iliyogandishwa makusudi ikayeyuka, akaichora alama ya msalaba, na nyingine nzima. Akazitikisa pamoja, akaziweka mezani. Ile nzima ilibaki na weupe kama maji ya kuoshea mchele. Yenye msalaba ilikatika vipandepande, vikazama, juu yakabaki maji maangavu tu. "Hii ukimchoma mtoto," akasema, "umempa maumivu na maji. Mama yake atalala akijua amekingwa. Afadhali usimchome, angalau atajua." Akaniachia ile yenye msalaba niwe nayo ya kulinganishia. Niliiweka kwenye kikopo na sindano zangu za kushonea.

Mimi ni Msabato. Kila Ijumaa kabla jua halijatua nilijaza tangi, nikakata utambi uwe sawa, nikasugua masizi kwenye bomba, nikasoma kipimajoto, nikafunga fundo langu. Kisha sikugusa kitu mpaka Jumamosi jua lizame. Daktari hakuwa Msabato, kwa hiyo yeye ndiye aliyeangalia friji siku hiyo, na alikubali kwa mdomo wake. Nilienda kusali na wanawake wengine watano chini ya bati nikiwa na moyo mweupe. Sasa nasema wazi, pale ndipo nilipokosea, na Daktari alikosea, na sitaki mtu aanze kugawa nani zaidi.

Kulikuwa na habari kwamba mnunuzi kutoka mjini, mtu wa kiwanda cha minofu, angekuja Jumatatu kuona samaki wa kisiwa. Akiridhika, angekuwa analeta boti yenye barafu kila wiki. Kwa watu wale hiyo haikuwa biashara tu. Ilikuwa shule kupata bati, ilikuwa wanawake kuacha kukata mti wa mwisho. Mzee Okelo alinijia Alhamisi akiwa amevaa shati lake la kanisani.

"Nyar Kisii, nipe barafu ya siku tatu tu. Mbuta wane. Huyo mtu akikuta samaki amelegea, tumekwisha."

"Yaya, Mzee." Yaya kwetu ni hapana, na alikuwa ameshaizoea. "Sehemu ya barafu inajaa sahani mbili. Mbuta wane wataimaliza kabla ya chai. Na nikipandisha moto ili igande zaidi, chanjo za chini zitaganda pia. Jumatatu ni kliniki ya watoto."

"Kwa hiyo watoto wako ni wazuri kuliko samaki wangu?"

"Ni watoto wako, Mzee. Mimi wangu wako Birongo."

Akaenda kwa Daktari. Hilo nililijua baadaye.

Jumamosi jua lilipozama nikaenda kwenye friji. Fundo lilikuwa limekatwa kwa kisu na kamba imefungwa tena ovyo. Kipimajoto kilisema tano, sawa kabisa. Lakini nilipopitisha kidole ndani ya bomba kilitoka cheusi, na nilikuwa nimelisugua jana yake. Moto mdogo hautoi masizi namna ile; mtu alikuwa ameupandisha, kisha akaushusha. Nikafungua sehemu ya barafu. Pakiti zetu zote hazikuwepo, na magamba mawili ya samaki yalikuwa yamegandia ukutani.

Nikachukua chupa ya magonjwa matatu na ile yangu ya msalaba, nikazitikisa, nikaziweka dirishani, nikakaa kwenye kiti. Zote mbili zilizama sawasawa kama pacha. Nikajaribu nyingine, na nyingine. Zote.

Jumapili Daktari alikuwa ameenda kisiwa jirani. Jumatatu asubuhi alirudi, na kina mama walikuwa wameshajaa benchi na kumwagika mpaka nje. Nikamwonyesha chupa. Hakuzitazama.

"Kipimajoto kinasema ngapi?"

"Tano."

"Basi ni tano. Andika tano. Ita wa kwanza."

"Daktari, imeganda. Wewe unajua imeganda."

"Mama, hapa nani ndiye msimamizi?" Alisema polepole, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. "Hawa wametoka bichi za mbali. Unataka niwaambie nini?"

Wa kwanza kwenye benchi alikuwa Akinyi. Wote tulimjua. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekufa kwa kifaduro, alikohoa majuma mpaka midomo ikabadilika rangi, na sisi kwenye dispensari ndio tuliomfunga kwenye shuka. Sasa alikuwa na wa pili kifuani, wiki saba, mnene. Na mume wake alikuwa anahama kesho yake, anafuata omena.

Nilitoka na chupa mbili, nikasimama mbele ya benchi, nikazitikisa, nikaziweka kwenye kizingiti. Nikawaambia wangoje. Wakaangalia zikizama. Nikasema, "Hii ya msalaba ni maji. Na hii ya leo ni kama hii. Leo hakuna sindano ya magonjwa matatu. Matone yapo." Daktari aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

Kina mama walipiga kelele, na walikuwa na haki. Akinyi hakupiga kelele.

"Kesho naondoka," akasema. "Mkinirudisha leo, mimi sirudi tena."

"Nitaenda mjini kuleta nyingine. Keshokutwa niko hapa."

"Na mume wangu?"

"Mume wako anaweza kutangulia na sufuria."

Akanitazama. "Nitakungoja, Nyar Kisii. Usiporudi nitajua Wakisii ni waongo, nami nitalitangazia ziwa zima."

Boti pekee iliyokuwa inaenda mjini ilikuwa ya mnunuzi, na pakiti zangu za kubebea chanjo zilikuwa ndani ya sanduku la Mzee Okelo. Niliteremka bichi na kisanduku changu cha baridi. Mnunuzi alikuwa amesimama pale na viatu vya ngozi, Mzee anamweleza. Sikungoja wamalize. Nilifungua sanduku la samaki, nikaanza kutoa pakiti zangu moja moja kwenye maranda. Zilikuwa maji ya uvuguvugu tangu lini sijui. Na harufu iliyotoka mle ilimfanya mnunuzi arudi hatua tatu mpaka ziwani, na viatu vyake.

"Mkipata barafu ya kweli, mniite," akasema.

Mzee Okelo hakunitania siku hiyo. "Umetumaliza," akaniambia. Nilitaka kumjibu kwamba samaki walikuwa wameoza kabla sijafungua, kwamba kwa sahani mbili za barafu wameua chanjo na hawakuokoa hata mkia mmoja. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mimi nilikuwa nahitaji nafasi kwenye boti. Nikapanda.

Sister wa Wilaya alinusa zile pakiti, akavua miwani.

"Ulikuwa wapi?"

"Kanisani, Sister. Ilikuwa Sabato."

"Kwenu Kisii, ng'ombe hukamuliwa Sabato?"

"Hukamuliwa."

"Basi hiyo friji ni ng'ombe." Akanijazia kisanduku, akanipa pakiti zilizoganda. "Nenda."

Nilirudi Jumatano. Akinyi alikuwa ameketi kwenye benchi lile lile, mume ametangulia na nyavu, sufuria na matusi. Daktari alimchoma mtoto pajani, naye akalia kama mtu aliyetukanwa. Mama akafunga kadi kwenye karatasi ya plastiki, akashukuru kwa kichwa, akaenda kutafuta mashua. Sikumwona tena. Kama yule mtoto aliishi, sijui. Kazi ya chanjo ndiyo hiyo. Ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna anayekuja kukushukuru kwa kitu ambacho hakikutokea.

Tangu hapo niliangalia friji Sabato pia. Mzee wa kanisa alinikemea mbele ya wale wanawake watano. Nikamwambia habari ya ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe wawili, akafungua kitabu cha nyimbo.

Daktari aliandika barua kwamba niliacha kituo bila ruhusa na nikamwaibisha msimamizi mbele ya umma. Yote mawili yalikuwa kweli. Sister alinitetea nisifukuzwe, basi nikahamishwa kituo cha afya huku Nyamira. Adhabu yangu ikawa kurudi nyumbani kwenye majani chai, ndizi na chinsaga. Watu walinipongeza.

Na huko ndiko nilikopewa ufagio. Kulikuwa na stima na friji ya stima, na mhudumu haruhusiwi kuigusa. Msimamizi alikuwa Madam mmoja aliyependa soda baridi. Nikifagia, nilikuwa nasoma kipimajoto kwa pembe ya jicho.

"Madam, naona kumi na mbili."

"Mama, wewe ni wa usafi."

"Ndiyo, Madam. Lakini naona kumi na mbili."

Miaka yote hiyo. Wasimamizi walikuja wakaenda, stima ikapotea ikarudi, nami nikaendelea kusema naona kumi na mbili. Wengine walinisikiliza, wengi walinivumilia. Siku ya kustaafu walinipa blanketi na wakasifu jinsi sakafu yangu ilivyong'aa. Nikawashukuru. Ningefanya nini?

Sasa niko Birongo na migomba yangu, na vijana wananiuliza kama kazi zamani ilikuwa ngumu. Haikuwa ngumu. Utambi ni utambi. Kilichonichosha ni watu wazima wanaojua ukweli na kungoja mtu mwingine auseme.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika Moraa aliponipigia simu. Baba yake hakufanikiwa kumhamisha, au yeye alikataa kuhamishwa, hajaniambia na sikumuuliza. Ameripoti.

"Magokoro, kuna sola," akasema. Magokoro kwetu ni bibi. "Friji haina moto tena."

"Na barafu ya samaki?"

"Wana mashine yao kule bichi. Ila imeharibika, wanangoja fundi."

Nilijua kinachofuata.

"Ndani ya friji kuna soda mbili," akaendelea, "na samaki mmoja kwenye karatasi. Wanasema ni wa mwenyekiti. Na chati imejazwa, Magokoro. Nne, nne, nne, mpaka mwisho wa mwezi."

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Ibandue, uanze na leo. Chupa utazitikisa moja moja. Na huyo samaki umtoe kabla hujakata simu, nikikusikia."

Akanung'unika kitu cha vijana. Kisha nikasikia mlango wa friji unafunguliwa, na sauti ya mwanamume ikiuliza kwa hasira samaki anapelekwa wapi, na ya Moraa ikimjibu, "Yaya, Mzee."